Maji ya Kuivisha Maharagwe

Walisema mashine imeharibika. Kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nimeifunga na kuipima juma hilo hilo, nilikasirika kabla hata sijaenda kuangalia.

Ilikuwa asubuhi ya baridi katika mji mmoja wa viwanda kule Uingereza, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Sisi wanafunzi wa digrii ya pili ya uhandisi wa tiba tulikuwa tumepewa zoezi jepesi. Kila mmoja aweke mkono wake juu ya bamba la eksirei, na kando ya mkono iwekwe ngazi ndogo ya alumini, yenye vidato vyembamba vinavyopanda kuwa vinene. Mfupa huzuia miale kama alumini inavyoizuia. Ukilinganisha weupe wa mfupa kwenye picha na weupe wa vile vidato, unajua mfupa huo una madini kiasi gani. Tulitaka kupata kipimo cha mtu mzima asiye na ugonjwa, ili baadaye tuwapimie wagonjwa. Mikono ya wenzangu yote ilitulia katikati ya ngazi. Wangu ulikuwa mweupe kupita kidato cha juu kabisa.

"Ni mashine," akasema fundi wa maabara.

Nikaifungua mashine, nikakagua kila waya, nikaifunga. Nikapiga tena, mkono wa kushoto badala ya wa kulia. Weupe ule ule. Nikamkamata fundi mwenyewe nikampiga picha mkono wake, kwa ukali, kana kwamba ndiye mwenye kosa. Wake ukatoka wa kawaida. Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Nilibaki nimeishika ile filamu mbele ya dirisha, nimepigwa na butwaa, nikiutazama mkono wangu kama mkono wa mtu nisiyemjua.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa mzee mpole, msemaji wa sauti ya chini. Aliichukua filamu akaiweka mbele ya taa. Kisha akanigeukia na kuniomba, kwa upole wake huo huo, nifungue mdomo ayaone meno yangu.

Nilihisi uso umenichoma. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu na Mwafrika peke yangu, na sasa nifungue mdomo mbele ya wanaume wale kama ng'ombe wa mnadani! Nikamwambia, kwa adabu kidogo iliyokuwa imenibakia, kwamba nilivuka bahari kuja kusomea mifupa, sikuja kuuzwa. Mzee akawa mwekundu. Akawatoa wenzangu nje, akafunga mlango, akanivutia kiti.

"Ulikulia wapi?" akauliza. "Na mlikuwa mkinywa maji gani?"

Maji! Kati ya maswali yote aliyoweza kuniuliza, maji. Nikaangua kicheko cha hasira, na katika kucheka huko meno akayaona.

Niseme kuhusu meno. Kwetu, upande wa ziwa Elementaita katika Bonde la Ufa, meno ya watu ni ya rangi ya chai ya rangi. Mengine yana madoa, mengine yana mistari, mengine yamebonyea vishimo vidogo vidogo. Nilipokuwa mtoto sikujua kwamba meno yanatakiwa kuwa na rangi nyingine. Mtu mwenye meno meupe kwetu alikuwa mgeni. Ni nilipokwenda shule ya bweni ndipo wasichana waliotoka sehemu nyingine za nchi walinicheka, wakaniuliza kama natafuna tumbaku, na bwana mmoja wa kukagua usafi akaniadhibu mbele ya gwaride lote kwa kutopiga mswaki. Nilipiga mswaki kwa majivu, kwa chumvi, kwa mkaa, mpaka ufizi ukatoa damu. Baadaye nikajifunza kucheka nikiwa nimefumba midomo, na tabia hiyo sijaiacha mpaka leo.

Mzee yule akanieleza polepole. Kuna nchi zilizowahi kuwa na milima ya moto, akasema, ambako maji ya chini sana ardhini yamebeba madini yaitwayo floraidi. Kidogo haina neno. Ikizidi, mtoto anayeota meno huku akiinywa, meno yake hutoka na madoa. Na akiendelea kuinywa miaka na miaka, huingia mifupani. Mfupa huwa mzito na mgumu, lakini hauwi imara. Viungo hukakamaa, na pingili za uti wa mgongo huanza kushikana.

Alipokuwa akieleza macho yake yaling'aa. Alikuwa amefurahi, jamani, na furaha yake ilinichefua. Akasema siwezi tena kuwa miongoni mwa watu wa kawaida katika zoezi letu, mifupa yangu itaharibu hesabu ya darasa. Lakini nina bahati, akasema, kwa sababu nimekuja na utafiti wangu mwenyewe ndani ya mwili. Yaani niliingia darasani asubuhi nikiwa mhandisi, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimegeuka kielelezo.

Nilikuwa bado natafuta jibu kali la kumpa alipouliza swali jingine, kama mtu anayejaza pengo la mazungumzo.

"Mama yako yu hai? Anaweza kuinama? Anaweza kugeuza shingo?"

Mama yangu alikuwa hageuzi shingo. Ukimwita kutoka nyuma, aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, polepole, na kukutazama kutoka juu. Alitembea wima kama aliyebeba mtungi. Tulimjua hivyo. Watu wa kwetu walisema yule mama ana maringo. Kanisani wengine wakiinamisha vichwa kuomba, yeye alisimama ametazama mbele, na wanawake wakanong'onezana kwamba hata Mungu hamwinamii. Siku tuliyomzika baba, hakuinama kutazama kaburini. Alitupa udongo akiwa amesimama wima, macho yakitazama juu ya vichwa vya watu, na shangazi zangu wakasema wazi wazi kwamba ana moyo wa jiwe. Nami niliamini kwamba mama ni mtu wa kiburi, na kusema kweli nilikipenda kiburi chake. Nilikirithi nikakipeleka mpaka Ulaya.

Sasa mzee wa Kizungu ambaye hajawahi kumwona alikuwa ananiambia, kwa sauti ya chini, kwamba huenda kile hakikuwa kiburi hata kidogo. Nilitamani kumrushia ile ngazi ya alumini. Badala yake nikalia.

*

Nyumbani ni shamba lililokuwa la mzungu mmoja, barabara ya Nakuru ukiwa umeshaipita Gilgil, unapoanza kuliona ziwa. Baba yangu alikuja kuchunga ng'ombe wa mzungu huyo kabla sijazaliwa. Alikuwa mtu wa huku Bonde la Ufa, mama alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, binti wa mfanyakazi wa reli. Kwa kuwa hakuna aliyekubali lugha ya mwenzake itawale nyumba, tulilelewa kwa Kiswahili, kile cha shamba, ambacho mtu wa Mombasa akikisikia anashika kichwa.

Mzungu alichimba kisima kirefu cha mashine, maji yakavutwa kwa bomba mpaka kwa mifugo na mpaka kambi yetu ya wafanyakazi. Yalikuwa maji safi, matamu kidogo kwa ulimi, laini. Sabuni kipande kidogo kilitoa povu la kutosha nguo za nyumba nzima. Na maharagwe! Sehemu nyingine mama mpishi huinjika maharagwe asubuhi, akachochea kuni mpaka alasiri, na bado yakagongana kwenye sahani. Yetu yaliiva upesi, yakawa laini, mchuzi mzito, hata bila ya kutia magadi. Wanawake wa sehemu za juu walikuja na punda kuchukua maji yetu ya kupikia harusi zao, wakiyapita maji ya mto bila kuyaangalia. Walituonea wivu, nasi tukaringa. Msichana akiposwa na mtu wa kwetu, aliambiwa kwamba angalau kuni hazitamtesa.

Uhuru ulipokuja, mzungu akauza, na wafanyakazi wakajichanga wakanunua shamba. Siku ya kukabidhiwa ilikuwa sherehe kubwa. Nyumba ya mzungu ilikuwa na matangi makubwa ya mabati pembeni, ya kukingia maji ya mvua kutoka kwenye paa, na watu walishangilia walipoyavunja. Wazungu hawa, walisema watu, wana kisima kizuri namna hii na bado wanakunywa maji ya kinyesi cha ndege! Kwa mabati ya matangi yale tukaezeka kanisa letu. Mama alikuwa mstari wa mbele na shoka. Yeye ndiye wanawake walimchagua kuwa msimamizi wa pampu, na aliishika kazi hiyo kama hakimu. Bibi harusi akiletwa, mama ndiye aliyempeleka kwenye bomba kuteka debe lake la kwanza. Mtoto akizaliwa, mama ndiye aliyebeba maji ya kumwogesha.

Niliporudi kutoka Uingereza, mwaka mmoja baada ya siku ile ya maabara, kukusanya picha za utafiti wangu wa floraidi, nilimkuta kwenye pampu hiyo hiyo. Aligeuka mwili mzima kunitazama. Mkononi alikuwa na fimbo.

Nyumbani hawakuwahi kuelewa nasomea nini. Walijua ni mambo ya hospitali, lakini si udaktari, na ni mambo ya mashine, lakini si umakanika. Siku yangu ya pili jirani aliniletea redio yake iliyokufa. Nikaitengeneza. Basi ikaenea kwamba digrii yangu ni ya redio, na mama akawa anawajibu watu, "Ni ya redio za ndani ya mwili," jibu ambalo mpaka leo sijapata la kulishinda.

Lakini ile fimbo. Alisema ni ya kuwatishia mbuzi. Baadaye nikaona anavyovuta mguu wa kushoto, na anavyoshika ukuta akipita mlangoni. Usingizini miguu yake iliruka ruka yenyewe. Nilikuwa nimesoma kuhusu jambo hilo. Mifupa ya mgongo ikinenepa kwa ndani, hubana ule uti unaopeleka habari miguuni. Nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri sana.

Nikampeleka hospitali moja ya Nakuru mjini, ambako nilikuwa nimepewa ruhusa ya kutumia chumba cha eksirei. Mpiga picha wa pale alikuwa Kalasinga wa makamo, Mhindi mchangamfu mwenye kilemba na ndevu zilizofungwa vizuri. Nilipomweleza utafiti wangu akacheka kwa sauti, akajishika mdomo wa juu akauvuta.

"Ona yangu! Mimi nimezaliwa hapa hapa Nakuru," akasema. "Baba yangu alinichapa sana, dada. Alisema mimi nakula tambuu kwa siri. Mimi hata tambuu sijui ladha yake!"

Hata mama alicheka. Tulikuwa watatu mle ndani na meno yetu ya rangi ya chai, tukicheka bila kufumba midomo, na kwa muda mfupi nilijisikia niko nyumbani kuliko nilivyowahi kujisikia. Kisha tukampiga mama picha ya mgongo.

Kalasinga aliingia chumba cha giza kuisafisha filamu. Alipotoka hakuwa anacheka tena. Akaibandika mbele ya taa, akasogea pembeni.

Nimeona picha nyingi za mgongo. Unaona pingili moja, unaona nafasi nyeusi, unaona pingili nyingine, kama shanga zilizotungwa. Kwa mama hapakuwa na nafasi. Ilikuwa nguzo moja nyeupe kutoka shingoni mpaka kiunoni, mbavu zikiwa na miiba miiba pembeni, na hata kano zilizotakiwa zisionekane zilikuwa zimegeuka mfupa. Nilikuwa nimeyatarajia, nilikuwa nimeyasoma, nilikuwa nimesafiri kutoka Ulaya kuja kuyatafuta, na bado nilishtuka. Mtu hawezi kujiandaa kumwona mama yake hivi.

"Mama," akasema Kalasinga kwa sauti ndogo, "unasikia uchungu sana?"

"Uchungu ya nini? Ni uzee," akajibu mama, akivaa kitambaa chake kichwani. Alipandisha mikono ikafika masikioni tu, ikakwama, nikamfungia mimi.

Daktari aliyeiangalia picha alinivuta pembeni. Hakuna dawa, akasema. Floraidi iliyokwisha kuingia mfupani haitoki. Miguu itaendelea kudhoofika. Linalowezekana ni kubadilisha maji, ili angalau isizidi, na zaidi ya yote kuwaokoa watoto ambao meno na mifupa yao bado inajengwa. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilikuwa nimejifunza kubuni vali za moyo, nilijua mashine inayosafisha damu ya mtu aliyekufa figo inavyofanya kazi, na kwa mgongo wa mama yangu sikuwa na hata spana.

Ila mtoto alikuwepo. Dada yangu mdogo alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda mjini Nakuru, akapanga chumba mtaa wa Free Area, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, alikuwa amemleta kwa mama. Msichana mdogo, mnene, mwenye hasira zetu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunywa uji. Jino hata moja lilikuwa halijatokeza. Nilimtazama tuliporudi kutoka mjini, nikajua kwamba digrii, filamu, mzee wa Ulaya na furaha yake, vyote havikuwa na maana kwangu kama mtoto huyu angekua na kugeuka mwili mzima kila akiitwa.

*

Ilikuwa adhuhuri, siku iliyofuata. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya jiko, mjukuu mapajani, kikombe cha bati mkononi, anamnywesha maji. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumwambia. Yote yakanitoka.

"Mama, huyo mtoto asipewe maji ya pampu. Hata uji wake usipikwe nayo."

"Asipewe maji?" Alisubiri nicheke. "Apewe nini sasa? Soda?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu madini, kuhusu meno, kuhusu mgongo wake na zile pingili. Nilimwonyesha filamu, nikaiinua juani. Aliitazama muda kisha akanirudishia.

"Hii maji ndiyo imekulea," akasema. "Hii maji ndiyo imekupeleka mpaka Ulaya. Watu wanatoka mbali na punda kuja kuchukua. Leo umepanda ndege mara moja, umerudi kuniambia nimewalisha sumu?"

"Sijasema wewe..."

"Umesema! Pampu ni ya nani? Nani ndiye anaangalia?" Mtoto akaanza kulia kwa kelele, mama akambembeleza huku akinitolea macho. "Mimi nimeogesha watoto ya hapa wote na hii maji. Sema basi mimi ni mchawi."

Nami hasira zikanipanda, kama kawaida yangu. Nikasema tutanunua tangi, tutakinga mvua ya paa, na mtoto atakunywa hiyo. Mama akacheka kicheko kikavu.

"Tangi! Tangi nilivunja na hii mikono yangu. Unajua nani alikuwa anaongea kama wewe? Memsaab."

Mama aliwahi kufanya kazi nyumbani kwa mzungu, kufua nguo na kuangalia watoto, nilipokuwa mchanga. Hakuwa akimsema vibaya memsaab yule, mke wa mzungu. Alitusimulia mara nyingi jinsi memsaab alivyomfunga kidonda cha mguu kwa mikono yake mwenyewe, alivyompa vidonge vya malaria, alivyomwachia nguo za watoto wake zilizowabana. Jambo hili la maji sikuwa nimewahi kulisikia.

"Memsaab alisema nini?" nikauliza.

"Dharau tu. Watoto wake walikuwa wanatoroka kuja kunywa kwa bomba na watoto ya kambi. Akanikasirikia mimi. Hawa wakunywe maji ya tangi, sisi tukunywe ya bomba. Hataki watoto wake washiriki maji na watu weusi." Akatema mate pembeni. "Ndiyo maana mimi niliwapa nyinyi hiyo maji mpaka mkashiba. Nilisema, kama wao wanaikataa sababu ni ya kwetu, basi hiyo ndiyo tutakunywa."

"Mama. Alisemaje hasa? Maneno yake."

"Alisema vile wanasemaga." Akaikaza sauti, akaiga Kiswahili cha memsaab, kama alivyokuwa akituigizia zamani tukavunjika mbavu. "'Wewe hapana pa toto hii maji ya bomba! Toto nakunywa hii, meno nakuwa kama ya nyinyi!' Unasikia? Kama ya nyinyi!"

Nimeshtuka mara nyingi katika maisha yangu, lakini mshtuko ule ulikuwa wa namna nyingine, ulinipiga taratibu, kutoka miguuni kwenda juu. Walijua. Muda wote ule, tulipokuwa tunakinga maji kwa mikono kwenye bomba na kunywa, nyumba ile yenye maua ilikuwa inajua. Yule mwanamke aliyemfunga mama kidonda alijua kitakachompata mgongoni, au alijua nusu yake, na ile nusu ilimtosha kuwanunulia watoto wake matangi.

"Rudia," nikamwambia mama.

"Nirudie nini?"

"Alivyosema. Rudia."

Akaanza tena, kwa ile sauti ya kuigiza. "Wewe hapana pa toto hii maji. Toto nakunywa hii..." Sauti ya kuigiza ikaishia hapo. Aliyamalizia maneno kwa sauti yake mwenyewe, polepole, neno moja moja. "Meno nakuwa kama ya nyinyi."

Nilimwona yakimfika. Uso wake haukubadilika sana, macho tu yalihama, yakaenda kwenye midomo yangu, yakakaa hapo. Mtoto alikuwa ananyoosha mikono kukitaka kikombe. Mama akakisogeza mbali naye. Alitaka kukiweka chini, lakini mgongo haukumruhusu kuinama, kwa hiyo akayamwaga maji uani kwa mbali, akabaki amekishika kikombe kitupu kifuani.

"Kesho tafuta tangi," akaniambia. "Na kabla ya tangi, pale kwa mwalimu wa shule wanakinganga mvua na mapipa. Nenda uombe ya uji."

Nikasema nitakwenda. Nikasema pia maneno mengi ya hasira juu ya wazungu wale, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nikasema kwamba yeye hakuwa na njia ya kujua. Sidhani alinisikia. Alimfuta mtoto kidevu kwa kiganja, mara moja, kisha tena, ingawa kilikuwa kimekwisha kauka.

"Hakunificha," akasema mwishowe. "Aliniambia juu ya watoto wake. Nilikuwa nimesimama pale mbele yake." Akamvuta mtoto kifuani. "Na wewe nimekubeba mgongoni."